Bumu la Oktoba: Maneno ya Katibu wa Tawi kuhusu mikopo ya wanafunzi

 

Kikao cha Jumapili hakikujaa. Wengine mlikuwa mashambani mnapiga alizeti, wengine mlikuwa msibani, na tunawapa pole wafiwa. Mlionipigia simu mmeomba nitume niliyosema pale kwa sababu yamefika kwenu yakiwa yamepinda. Kuna aliyeambiwa Katibu anataka kugawa hela za viti. Kuna aliyeambiwa Katibu amewatukana wenye nyumba. Nimeyaandika hapa kama nilivyoyasema, na hesabu nimeziweka vizuri zaidi. Ni marefu. Yasome ukiwa umetulia, na usiyakate nusu ukayatuma kwenye makundi mengine.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, viongozi wa mashina, wazee wetu, akina mama na vijana.

Vijana wetu wa kidato cha sita wamemaliza mitihani. Muda si mrefu Bodi ya Mikopo itafungua dirisha la maombi, na kama kila mwaka, tutaanza kukimbizana na vyeti siku tatu kabla dirisha halijafungwa. Nimeomba ajenda hii leo kwa sababu ya binti mmoja wa mtaa huu, na kwa sababu ya kijana mwingine aliyekuwa mpangaji wa mwenzetu. Majina yao siyataji. Wengi mnawajua.

Nianze na binti, kwa kuwa kosa lile ni langu. Mama yake alinifuata mwaka juzi mwezi wa sita. Baba wa mtoto alishafariki. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili na cheti cha shule kilikuwa na matatu, jina la babu likiwa limeongezwa huko shuleni. Mama aliniuliza, Katibu, hii ina shida? Nikamwambia muda bado upo, tulia kwanza, matokeo yatoke. Matokeo yalitoka mazuri. Tulipoanza kuhangaikia kiapo cha jina, uhakiki wa cheti RITA na cheti cha kifo cha baba, ambacho hakikuwahi kuchukuliwa, dirisha lilifungwa. Chuo alichaguliwa. Mkopo hakuomba, kwa hiyo hata rufaa hakuwa nayo, maana rufaa ni ya aliyeomba akanyimwa. Leo anauza mitumba Sabasaba. Anauza vizuri, simdharau, lakini hakupanga hivyo na mama yake hakupanga hivyo. Ningesema maneno mengine siku ile, angekuwa mwaka wa pili sasa.

Sasa kuna wenzetu wanaosema mikopo hii haina maana. Mtoto anasoma kwa deni, anamaliza hana kazi, anarudi nyumbani na deni. Nimesikia hoja hiyo hata hapa kikaoni, na siyo hoja ya kijinga. Ndiyo maana nataka tuiangalie kwa hesabu. Mimi nina stashahada ya uhasibu tu, si msomi wa uchumi, lakini mizania naijua.

Tukumbuke tulikotoka. Zamani za Mwalimu serikali ilibeba gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini wanafunzi wenyewe walikuwa wachache mno, chuo kikuu kikiwa kile cha Mlimani. Miaka ya tisini ikaja sera ya kuchangia gharama. Sheria ya Bodi ya Mikopo ilitungwa mwaka 2004 na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Miaka miwili baadaye, 2007, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa hapa kwetu. Wazee mnaikumbuka Chimwaga ilipokuwa ukumbi wa mikutano. Leo kule kuna maelfu ya wanafunzi, na ukijumlisha Mipango, CBE na St. John's utaona mji huu umejaa watoto wa watu. Vyuo hivi visingejaa kwa ada za wakulima wa mtama wa Bahi na Chamwino. Kilichovijaza kwa sehemu kubwa ni mkopo.

Mwaka 2020/21 bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464. Mwaka uliofuata ikawa bilioni 570, na imeendelea kupanda. Posho ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, ikapandishwa mwaka 2022/23 kuwa 10,000. Tangu 2023/24 hata wa stashahada wameanza kukopeshwa kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu, kilimo na mifugo. Uhasibu haukuwemo kwenye orodha ile ya kwanza, na mimi nasema bila kuficha kwamba sikufurahi. Sisi tuliosoma stashahada zamani tulisoma kwa ng'ombe wa baba. Kwetu waliuzwa wanne, na wa tano aliuzwa kulipia mtihani wa mwisho.

Je, mkopo unabadilisha chochote kwa mwanafunzi mwenyewe? Mwanachama mwenzetu anayefundisha chuo alinipa tafiti mbili nikazisoma kwa taabu, naye akinifafanulia. Moja ni ya Chile. Kule serikali iliweka alama ya ufaulu: ukiifikia unaruhusiwa kukopa, ukiikosa hata kidogo huruhusiwi. Mtafiti Alex Solis akawalinganisha waliopita mstari kidogo tu na waliokosa kidogo tu, maana kwa akili hao ni walewale. Walioruhusiwa kukopa waliingia chuo karibu mara mbili ya wale wengine, na pengo kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini likakaribia kwisha. Utafiti huo ulichapishwa 2017.

Wa pili ni wa Marekani, wa Benjamin Marx na Lesley Turner, ulitoka 2019. Wao walichukua chuo kimoja cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili ambavyo wanaosoma ni watu wa kawaida, wengi wao wanafanya kazi huku wakisoma. Wanafunzi wote walikuwa na haki ileile ya kukopa, lakini barua walizopata zilitofautiana kwa bahati nasibu: nyingine zilionyesha kiasi cha mkopo, nyingine zilionyesha sifuri mpaka mtu aombe mwenyewe. Barua tu! Walioonyeshwa kiasi walikopa zaidi, na wale waliokopa kwa sababu ya barua hiyo walichukua kama dola 4,000, wakafaulu masomo mengi zaidi na alama zao zikapanda.

Mimi nilivyoelewa, mkopo ulinunua muda wa kusoma, basi. Mtu hakulazimika kufanya kibarua usiku akaja darasani kusinzia. Marekani siyo hapa kwetu, hilo najua, mambo yao siyo yetu yote. Lakini hilo la karatasi moja kuamua nani akope na nani asikope, ndugu zangu, limenigusa, kwa sababu hapa kwetu nalo linatokea. Cheti chenye majina mawili badala ya matatu kilifanya kazi ileile ya barua yenye sifuri.

Sasa twende kwa kijana wa pili, yule mpangaji.

Chukueni kalamu. Mwanafunzi anayepata posho kamili, kwa fungu la siku 60, anapokea shilingi 600,000. Hilo ndilo wanaloliita bumu. Chumba kimoja cha kawaida mtaani kwetu, tuseme 40,000 kwa mwezi. Lakini sisi wenye nyumba hatupokei mwezi mmoja, tunataka miezi sita kwa mkupuo, 240,000. Inabaki 360,000. Igawe kwa siku 60, ni 6,000 kwa siku. Hapo ale, apande daladala, anunue sabuni, achape kazi za darasani, aweke bando maana masomo mengine yako mtandaoni. Inawezekana kwa kubana. Sasa kwao Chamwino mama hana chakula, amtumie laki moja. Inabaki 260,000, ni kama 4,300 kwa siku. Na wengi wanatuma. Wanaosema wanafunzi wanamalizia bumu kwenye starehe waje niwaonyeshe miamala ya pale kwa wakala wa mjini, jirani yangu. Wapo wa starehe, sikatai. Wa kutuma nyumbani ni wengi kuliko tunavyodhani.

Hiyo ni hesabu ya bumu lililofika kwa wakati. Kuna hesabu ya bumu lililochelewa.

Vyuo hufunguliwa Oktoba na Novemba. Sisi watu wa uwanda huu wa kati tunajua Oktoba na Novemba ni miezi gani. Mvua hazijaanza, ghala limefika chini, mtama wa mwaka jana umekwisha, alizeti iliuzwa mwezi wa sita na hela yake imeshaliwa. Mtu wa Mbeya au wa Bukoba anaweza kuuza ndizi akamtumia mtoto wakati mkopo unasubiriwa. Wa kwetu hana cha kuuza isipokuwa mfugo, na mfugo wa kiangazi umekonda, bei yake ni ya aibu. Kwa hiyo wiki tatu za kuchelewa, kwa mtoto wa Gogo siyo sawa na wiki tatu kwa mtoto mwingine, ingawa kwenye daftari la Bodi wote wameandikwa siku 21.

Na kuchelewa siyo lazima kuwe kwa Bodi. Mara nyingine kijana amechelewa kusajiliwa chuoni, akaunti yake ina jina tofauti na la maombi, au hajasaini pale anapotakiwa kusaini, na fedha zimekaa zinamsubiri yeye. Yote hayo yanaishia kwenye mlango wa mwenye nyumba.

Novemba iliyopita mlango huo ulikuwa wa mwenzetu. Yumo humu, tumeshakaa naye tukazungumza na ameniruhusu niseme bila jina. Kijana wa mwaka wa kwanza alilipa mwezi mmoja, akaahidi mitano iliyobaki bumu likitoka. Bumu likachelewa. Mwenzetu akaweka kufuli lake juu ya kufuli la kijana. Ndani kulikuwa na vitabu, nguo na kompyuta ya kuazima. Kijana akalala kwa wenzake siku kumi na mbili, sakafuni, na katika siku hizo kulikuwa na majaribio mawili ya darasani. Moja hakufanya, jingine alifanya bila kusoma. Mwisho wa muhula akapata sapu za masomo mawili. Sapu moja aliikomboa, nyingine bado anaibeba. Akiongeza nyingine anadisko, na akidisko mkopo unasimama lakini deni la mwaka mzima linabaki. Hapo ndipo lile neno la kusoma kwa deni na kurudi bila kitu linapokuwa kweli. Siyo mkopo uliomwangusha. Zilimwangusha siku kumi na mbili.

Nimwonee haki na mwenzetu. Nyumba ile aliijenga kwa kiinua mgongo, na yeye mwenyewe alikuwa anasomesha mtoto mwingine Morogoro kwa kodi hiyohiyo. Alikuwa anangoja 200,000 azitume, na mtoto wake naye alikuwa amesimamishiwa chumba huko. Mnaona mnyororo ulivyo. Hakuna mkorofi hapo. Tangu serikali ihamie Dodoma bei za vyumba zimepanda na mpangaji mtumishi anayelipa miezi sita bila kelele yupo, kwa nini mtu amngoje mwanafunzi?

Kamati ilikaa ikalijadili. Hatuna mamlaka ya kumpangia mtu masharti ya nyumba yake. Tulichokubaliana ni kuwaomba wanachama wenye nyumba: mwanafunzi mwenye barua ya mkopo aliyepangiwa fedha, mpokee miezi miwili au mitatu badala ya sita, na bumu likichelewa apewe siku 30 kabla ya hatua yoyote. Akionyesha kwenye simu yake kwamba amepangiwa mkopo, hiyo ni dhamana kuliko maneno. Mpaka leo wenye nyumba kumi na mmoja wamekubali. Wanne wamekataa na sababu zao nimezisikia, siwalaumu.

Tugeukie deni lenyewe, maana ndilo linalowatisha wazazi wengi wasiweke sahihi ya udhamini.

Kwa aliyeajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani yalikuwa asilimia 8, yakapandishwa mwaka 2016. Tuseme kijana ana deni la milioni 10 na mshahara wa msingi wa 800,000. Anakatwa 120,000 kila mwezi. Kabla ya 2021 kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka. Asilimia 6 ya milioni 10 ni 600,000, yaani 50,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, katika kila 120,000 aliyokatwa, karibu 50,000 haikugusa deni. Ndiyo maana walimu wetu walikuwa wanaangalia salio halishuki wakadhani wanaibiwa. Tozo ile Rais Samia alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021 kule Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewesha nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Nimepiga hesabu zote mbili. Kwa tozo ile, ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, kijana huyo angemaliza kwa miaka 9 hivi. Bila tozo anamaliza miezi 84, miaka 7. Miaka miwili ya mshahara wa mtu ni kitu kikubwa. Ni haki tuseme hapo serikali ilisikia.

Asilimia 15 kwangu bado ni kubwa kwa mtu anayeanza maisha, na nimeiandika hivyo kwenye maoni ya tawi yaliyopelekwa kata. Atakayetaka kupinga aje na hesabu tuzungumze.

Aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa. Hapa ndipo pagumu. Kijana aliyemaliza shahada, anaendesha bodaboda kati ya Area D na Mtumba, kipato chake hakina tarehe. Wengi wanajificha. Ushauri wangu, na niliwaambia vijana pale pale, ni usijifiche. Bodi ina ofisi hapa Dodoma. Nenda ujieleze, anza na unachoweza, chukua risiti, itunze. Fedha inayorudi ndiyo inayomkopesha mdogo wako, na wewe siku ukipata ajira deni litakukuta limepungua.

Sasa hizi hela za viti.

Akaunti ya tawi ina shilingi 640,000. Zilichangwa kwa ajili ya viti vya plastiki, ni kweli, na mama zetu wamechoka kukodi viti kwenye kila shughuli. Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000. Katika mashina yetu tumewahesabu vijana kumi waliomaliza kidato cha sita ambao nyumbani kwao hiyo 30,000 haipo, sita kati yao ni yatima wa mzazi mmoja au wote. Kumi mara 30,000 ni 300,000. Nimependekeza tuzitoe hizo, zibaki 340,000, na viti tununue nusu mwaka huu, nusu mwakani. Mhazini alipinga. Akasema, na kumbukumbu za kikao zimeandika, kwamba fedha iliyochangwa kwa jambo moja haitumiki kwa jambo jingine bila wachangaji kuridhia. Kwa taaluma yangu siwezi kumpinga, yuko sahihi kabisa. Ndiyo sababu jambo linarudi kwenu wachangaji.

Kuna swali liliulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa sauti ya juu: je, hao kumi wote ni watoto wa wanachama? Hapana. Wanne wazazi wao hawana kadi, na mmoja baba yake ni kiongozi wa chama kingine, tunamfahamu wote. Mtoto wake ana cheti chenye kasoro kama cha yule binti. Mimi sitasimama mlangoni kuuliza kadi ya baba. Kama mkutano utaamua vinginevyo nitatii uamuzi, lakini orodha hiyo ataiandika katibu mwingine.

Zoezi la vyeti litafanyika Jumamosi na Jumapili ijayo, saa 3 asubuhi, hapo ofisini. Njooni na cheti cha kuzaliwa cha kijana, cheti cha kidato cha nne, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, namba ya kaya kama mko TASAF, na kitambulisho cha mzazi au mdhamini. Tutalinganisha jina kwa jina, herufi kwa herufi. Penye kasoro, safari ya wakili na RITA inaanza Jumatatu yake. Vijana wawili wa Udom wamejitolea kuja na kompyuta zao. Mwenyekiti wa mtaa ameahidi kuwepo kwa ajili ya kusaini, na nimemwomba aje na muhuri, siyo aje kutuambia muhuri uko nyumbani.

Wachangaji wa viti, jibuni ujumbe huu kabla ya Ijumaa jioni kwa neno NDIYO au HAPANA, mnijibu mimi moja kwa moja. Mhazini atahesabu, mimi sitahesabu.

Yule binti nimeshamwona. Bado hajafikisha umri wa ukomo, anaruhusiwa kuomba mwaka huu, na mama yake amesema Jumamosi atakuwa wa kwanza kwenye foleni.



Katibu wa Tawi